Kamera Isiyolia

Séraphin, mpiga picha wa mtaa wa Panda, ana mdomo. Hilo hata mama yake mzazi, Mungu amrehemu, hakulikataa. Kwa miaka mingi mdomo huo ulikuwa wa kuitetea kamera yake ya reflex, jiwe la kamera lililomshusha bega moja. Vijana walipomletea habari za kamera mpya zisizo na kioo ndani, aliwacheka. "Ile njo televizyo," alisema. "Minye naangalia muntu, siangalie televizyo." Na kweli, ndani ya reflex kuna kioo kidogo nyuma ya lenzi, kinacholiletea jicho sura ya mtu kama ilivyo. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga, kinashuka, na kila aliye karibu anasikia: klak! Wateja wake wote waliizoea sauti hiyo. Wanakaza shingo, wanabana pumzi, wakisikia klak wanaachia.

Basi mdogo wake Bertin, anayefanya kazi Kakanda, si akamnunulia ile ile aliyokuwa akiicheka! Wiki haikuisha, ungedhani ni yeye aliyeiunda. Nyepesi, nyembamba, kioo kimetolewa, na jicho linaiona picha kabla haijapigwa, iwe ya giza au ya mwanga. Lenzi zake za zamani zilikubali kwa kuvikwa pete ya kuunganishia. Na juu ya yote, unaweza kuinyamazisha kabisa. Padri, aliyechoshwa na klak klak katikati ya misa, alimshika mkono na kumshukuru mbele ya watu. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Ikafika arusi ya Danielle. Binti huyu alilelewa na bibi yake, Mama Blandine, mdogo wa marehemu mama yake Séraphin. Mama Blandine haoni. Presha ya macho ilimaliza macho yote mawili. Siku hiyo aliomba kitu kimoja tu: picha yake peke yake, amekaa kitini, ndani ya kitenge kipya cha familia.

"Ya kuweka juu ya sanduku siku yangu," alisema bila woga wa kifo. "Unitoshe muzuri mu picha, mwana yangu. Bantu basione tu kipofu."

"Usiogope, mama."

Alimkalisha karibu na mlango wa sali, ule ukumbi wa karamu, akamgeuza uso kwa vidole viwili kuelekea mwanga. Mama akainua kidevu, akaweka mikono magotini, akatabasamu kidogo, akabana pumzi. Séraphin akabonyeza. Akatazama. Lo! Picha ilikuwa picha kweli.

Sasa mtu mwenye akili zake angesema "tayari, mama," mambo yakaisha. Yeye huyooo, mbio hadi meza ya wakwe! "Muone! Mbele ya kubonyeza nilishaona namna itatoka!" Akaeleza habari za kioo, akaeleza pete, akampa mmoja wao lenzi apime uzito. Kutoka hapo akaitwa kwenye gato, keki ya arusi. Kamera ilikuwa bado imenyamazishwa tangu misa ya asubuhi, wala hakukumbuka. Mama Blandine hakusikia klak. Akangoja.

Kicheko kilianza kwa mwanamke mmoja, kikahamia meza ya pili, ya tatu. Séraphin naye akacheka, kabla hata hajajua kinachochekwa. Kisha akageuka.

Mama alikuwa pale pale, kidevu juu, akiutabasamia mlango mtupu, akiiba pumzi kidogo kidogo asije akaharibu picha. Mhudumu alimzunguka na kreti ya bia. Kijana mmoja alishatoa simu anamfilimu.

Uso ulimwaka Séraphin. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kamera yake. Akapenya kati ya viti hadi kwake.

"Tayari, mama. Nimesha kupiga."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Ulikawia. Shingo inauma." Kisha akauliza, "Bantu banacheka nini?"

Ulimi hauna mfupa. Ukweli ulikuwa pale pale mdomoni, lakini kilichotoka ni kingine: "Mutoto alianguka, mama. Kule kwa gato."

"Yoo! Na munamucheka?" Tabasamu lote lilimtoka. Akafungua mikono miwili. "Mumulete. Mumulete apa, nimubembeleze."

Kicheko kikakatika. Danielle alikuwa ameshasogea na gauni lake jeupe, akimtazama Séraphin tu. Mama aligeuza kichwa huku na huku, akisikiliza kilio cha mtoto, mikono bado wazi. Waliocheka walianza kusoma chupa zao. Séraphin aliona hakuna wa kumjibu mama badala yake. Akapiga magoti.

"Mama, hakuna mutoto."

"Sasa balikuwa banacheka nani?"

"Weye, mama. Picha nilisha kuipiga zamani, sikukuambia. Apareyi, ile kamera mupya, haina makelele. Nilikuacha apa, nikaenda kujisifu. Na minye nilicheka nabo."

Mikono ya mama ilirudi taratibu, ikajificha ndani ya kitenge. Séraphin alisubiri atukanwe. Angetukanwa, angepumua.

"Ile picha," mama alisema mwishowe. "Niko muzuri?"

"Muzuri sana, mama. Naapa."

"Bon, sawa. Danielle, uko wapi? Kuja uangalie weye. Uniambie kweli."

Séraphin akaivua kamera shingoni na kumpa bibi arusi. Danielle aliitazama picha kwa muda mrefu, akajifuta jicho kwa ukingo wa kiganja.

"Uko muzuri, kambo," alimwambia bibi yake. "Uko muzuri kabisa."

"Aksanti, mwana yangu," mama alisema, akiugeuzia uso upande wa Danielle. Séraphin alikuwa bado amepiga magoti.