Maandishi kwenye Kisu cha Mzee Orhan

Korido ya ghorofa yetu, katika jengo la kupanga huko ughaibuni, mtaa wa Parkdale, ilinuka vitunguu, sabuni ya kufulia na zulia lililolowa theluji ya viatu vya watu. Lakini mbele ya mlango wa Mzee Orhan palikuwa na harufu moja tu, ya mafuta ya cherehani. Aliyatumia kupaka panga na visu vya kale vya Kituruki, ambavyo wakusanyaji na wenye maduka ya vitu vya zamani walimpelekea ili awaambie vimetoka sehemu gani ya nchi yake. Mkewe alikuwa ameshafariki, na binti yake, Aylin, aliishi Pickering, nje ya mji.

Nilikuwa na miaka kumi, katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati Bibi alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi. Mama alifanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, akiondoka mchana na kurudi nimeshalala. Bibi alifahamiana na Mzee Orhan ndani ya lifti: mzee alipiga chafya, akasema alhamdulillahi, na Bibi akampokea kwa salamu ndefu ambayo nusu yake mwenzake hakuielewa. Tangu hapo tulikunywa chai kwake karibu kila jioni. Yeye alizungumza Kiingereza, Bibi Kiswahili, na mimi nilikaa kati yao. Hadi wakati huo nilikuwa nakielewa Kiswahili lakini nikijibu kwa Kiingereza kama watoto wote niliowajua. Majira yale ya baridi sikuwa na njia. Bibi alitaka kujua mzee kasema nini, na alitaka kujua sasa hivi.

Mzee alinifundisha kazi yake bila kuonyesha kuwa ananifundisha. Aliweka visu mezani, akasubiri niseme kitu. Polepole nikajua kwamba makali hayasemi mengi, kwa kuwa vyuma viliuzwa kutoka mji hadi mji. Cha kutazama ni mpini. Mpini wenye masikio mawili mapana, kama ncha za mfupa wa paja, huo ni wa yatagani, upanga mfupi uliopinda kwa ndani. Masikio yakiwa madogo na fedha ikiwa nyingi, fikiria Anatolia ya magharibi. Marijani nyekundu zilizopachikwa kwenye fedha humpeleka mtu upande wa Balkani. Watu wa Bahari Nyeusi walikuwa na umbo lao, lililojikunja huku na huku, ambalo huwezi kulisahau ukiliona mara moja.

Mwezi wa pili miguu ya mzee ilizidi kuuma, na Aylin akataka ahamie kwake. Mnunuzi mmoja alikubali kuchukua visu vyote Jumamosi. Siku mbili kabla, tulikwenda kumsaidia kuvifunga kwenye magazeti. Mwisho kikabaki kimoja, ndani ya kitambaa cha kijani.

"Na hiki?" Bibi akauliza.

"Cha baba yangu. Cha Izmir, mji wetu wa magharibi. Nacho kinakwenda."

Nilikiangalia. Mpini wake ulikuwa umegawanyika juu, pande mbili zikiachana kama mkia wa samaki. Nikamwambia hakifanani na hata kimoja cha Izmir kati ya vile alivyonionyesha.

"Mpini hubadilishwa," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu.

Bibi alishakigeuza. Mgongoni mwa kisu palikuwa na mstari wa herufi za dhahabu, zimefifia. "Muulize hapa pameandikwaje."

Mzee alisema hajui. Kabla hajazaliwa serikali yao iliacha herufi za Kiarabu, na yeye alisoma kwa herufi za Kilatini tu. Sala zake alizikariri kwa sikio. Niliposema hayo kwa Kiswahili, Bibi alinitazama kana kwamba nimetafsiri vibaya.

"Ana kisu cha babaye miaka yote hii na hajui kinasema nini? Niletee taa."

Alisoma kama alivyosoma chuo cha Kurani utotoni, akitamka herufi kwa herufi, asijue Kituruki hata neno. "Amali... Ali. Sahibu... Mustafa." Hayo aliyafahamu mwenyewe, kwamba aliyekitengeneza ni Ali na mwenye nacho ni Mustafa, akafurahi. Neno la mwisho lilimkwaza. "Ki-ri-di. Kiridi."

"Arudie," mzee akaniambia.

"Kiridi, kaka. Kafu, re, ye, dali, ye."

Mzee aliketi. Kafu hiyo, alisema, wakusanyaji walishamwambia kwamba kwa Kituruki huweza kuwa ga. Giridi. Mustafa wa Krete, kisiwa cha ng'ambo ya bahari.

Akatueleza kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikunja gazeti. Bibi yake mzaa baba alikuwa akisema na mbuzi wake lugha ambayo si Kituruki, na baba yake aliwaambia majirani kwamba mama amechanganyikiwa. Waislamu waliohamishwa kutoka Krete, wenye lugha moja na Wakristo wa kule, waliitwa nusu makafiri. Kwa hiyo baba aliamua kwamba wao ni watu wa Izmir, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza. "Mpini huu ni wa Krete, nimeujua tangu ujana," alisema. "Nimewaambia watu wengi ukweli kuhusu mipini kama huu."

Jumamosi mnunuzi alipata visu vyote isipokuwa kile. Alilalamika, mzee akamwacha alalamike. Wiki iliyofuata mzee alihamia Pickering.

Bibi alifariki miaka michache baadaye. Mzee naye alimfuata, na mazikoni Aylin aliniambia kwamba aliwahi kumpeleka baba yake Krete. Hakutafuta nyumba wala kaburi. Alikaa kwenye baraza ya mkahawa, akisikiliza wanawake wakizungumza meza ya pili, na kila Aylin alipotaka waondoke aliomba dakika tano zaidi.

Siku hizi mtu hupiga picha ya kisu, akaituma kwenye kundi la wajuzi mtandaoni, na jibu hufika kabla chai haijapoa. Mimi pia hujibu wakati mwingine, kwa sentensi mbili: eneo, na sababu. Sijui kinachotokea chumbani kwa aliyeuliza anapolisoma. Wengi huandika asante. Wengine hawaandiki kitu.