Mwenye Dakika za Magharibi

Kitale jua hujificha nyuma ya Mlima Elgon kabla halijazama kweli. Kila Ramadhani watu walibishana msikitini kwetu: wengine wameshatia tende mdomoni, wengine wanawatolea macho. Ndiyo sababu miaka ile ya 2000, nikifundisha kompyuta, niliandika programu ndogo ya kukokotoa saa za sala. Niliiweka kwenye mtandao na hesabu zake zote wazi, kila mtu aitumie bure na aibadilishe apendavyo. Rafiki yangu wa Bungoma, muuza simu, akaongeza mji wake, programu ikakokotoa saa zake. Nilifurahi kama mzazi aliyeozesha.

Siku chache kabla ya mfungo, programu ikatoweka. Wenye tovuti waliniandikia kwamba mtu amelalamika nimemwibia, hakimiliki ni yake, na nikiirudisha kama ilivyo watanifungia. Mlalamikaji alikuwa mfanyabiashara wa Bungoma anayechapisha kalenda za sala za mji huo. Nikamfuata dukani kwake.

"Karenda yangu na kitu yako iko sawa, dakika kwa dakika," alisema. "Mimi nililipa mtaalamu. Wewe ulilipa nani?"

"Mzee, si jua ni moja?"

"Jua ni ya Mungu, bana. Karenda ni yangu."

Hasira zilinipanda, maana aliamini kabisa anachosema. Wala hakuwa mtu mbaya. Aliniagizia chai na mandazi, nami nikanywa.

Wakili niliyemwendea Kitale alizidi kunivuruga. Hesabu haina mwenyewe, alisema, lakini jedwali huenda likawa na mwenyewe, na kuthibitisha kwamba sikunakili ni kesi ya miaka. Kisha akashusha sauti. "Si ubadilishe tu kidogo? Ongeza dakika mbili hapa, toa tatu pale. Bora zisifanane."

Nilidhani ananitania. Nikitoa tatu, watu wa Bungoma watafungua saumu kabla ya wakati! Yaani programu ikiwa sahihi ni wizi, ikiwa na makosa ni halali. Ningeweza kuiondoa Bungoma nibaki na Kitale, lakini hesabu ni ile ile. Leo ni huyu, kesho atatokea nani? Nilikaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya namba, nikashindwa kubonyeza chochote. Programu ikabaki nyumbani kwangu, imefungiwa humo.

Siku ya kwanza ya mfungo mawingu yalitanda, mlima wenyewe usionekane. Mwadhini wetu, aliyezoea kuzisoma saa zangu mtandaoni, alikuja mlangoni anahema.

"Mwalimu, watu wameshakaa. Leo Magharibi ni saa ngapi?"

Nikaangalia nyuma yangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kisha nikamnong'oneza saa na dakika kama mtu anayeuza bangi. Akaenda mbio, adhana ikasikika, watu wakala. Mimi nilibaki na tende mkononi, sijui nimempa dakika za nani.