Namba Kumi ya Nawaf

Kuna watu harusi yao huchelewa kwa sababu ya mahari, wengine kwa sababu ya mama mkwe. Ya Nekesa ilikuwa imecheleweshwa na kijana wa miaka kumi na sita asiyejua kukata kona.

Usicheke bado. Nekesa wa Kimilili alikuwa anafanya kazi ya nyumba Al-Malqa, Riyadh, kwenye villa ya aina ile ambayo jikoni kuna jikoni lingine ndani. Mkataba ulikuwa umeisha, likizo ilikuwa haki yake, na huko nyumbani Alvin wake alikuwa ashanunua suti. Vile Alvin anavyopenda ugali, suti yenyewe ilikuwa imeanza kumkataa tumboni. Pasta alikuwa ametangaza ndoa mara mbili kanisani, kila mara na tarehe yake. Mara ya pili kuna mtu kiti cha nyuma alicheka, na Alvin mpaka leo anamtafuta.

Kilichobaki ni madam, mwajiri wake, abonyeze simu tu, viza ya kwenda na kurudi itoke; bila hiyo mfanyakazi hatoki Saudia. Na Madam Hessa si mtu mbaya, hiyo tuseme ukweli. Ana imani zake tu. Siku ya kwanza mwanawe Nawaf kumaliza mashindano ya magari bila kubusu ukuta ilikuwa siku ambayo Nekesa ndiye alimpangia begi. Toka hapo Nekesa akawa hirizi. Kupanga begi, yeye. Kupiga pasi ile soksi ya kichwa inayovaliwa ndani ya helmeti, yeye. Kumshikia Nawaf mwavuli magari yakiwa yamejipanga kungoja kuanza, bado ni yeye.

"Nawaf akipanda jukwaani, hata mara moja tu, unaenda," madam aliapa, mkono kifuani. "Wallahi, siku hiyo hiyo nakutolea viza."

Jukwaani hupanda watatu wa kwanza. Nekesa alipiga vigelegele kimoyomoyo, maskini, maana hakuwa bado ameona msimamo wa ligi. Madereva walikuwa kumi na sita. Nawaf alikuwa wa kumi na tatu, na kati ya watatu waliomfuata, mmoja alikuwa na mkono kwenye plasta.

"Mwambie madam nitaoa simu," Alvin alimtumia voice note. "Angalau simu haingoji mtoto wa mtu ajifunze breki."

Sasa hii ligi iko hivi. Ni ya vijana, magari ya kiti kimoja, madogo kama mtumbwi wenye magurudumu, kichwa kiko nje. Magari yote ni sawa sawa: bodi moja, injini moja iliyofungwa sili usiichokore, tairi za aina moja. Kama yunifomu ya shule. Shabaha ni eti pesa ya baba isionekane, kipaji ndicho kionekane. Halafu kipaji kikishaenda kulala, pesa ya baba inanunua siku za ziada za mazoezi, kocha Mwitaliano, na mashine ya kujifunzia iliyojaa chumba kizima pale Al-Malqa. Nekesa huipanguza vumbi. Siku moja aliikalia, akaendesha, akagonga ukuta palepale anapogonga Nawaf. Aliteremka akiwa na huruma mpya kwa kijana.

Na uhondo wenyewe: huyu Nawaf anayeenda zaidi ya kilomita mia mbili kwa saa haruhusiwi kuendesha gari kwenda dukani kununua maziwa ya laban. Hana leseni. Hupelekwa na dereva wa nyumbani kama mgonjwa.

Aliyemfafanulia Nekesa haya yote ni Elphas, msee wa Nakuru aliye na mkataba kwenye timu ya Nawaf, mtu wa tairi. Msimu ulipofika raundi ya mwisho Jeddah, familia nzima ilihamia kwa dada yake madam, mtaa wa Al-Safa, na Nekesa akahamishwa pamoja na begi. Siku ya mazoezi uwanjani alimkuta Elphas nyuma ya karakana, akamuuliza bila kuzunguka.

"Kaka, huyu mtoto anaweza kuingia tatu bora?"

Elphas alisonya. "Kwa kasi yake? Labda wengine wasahau siku."

"Basi harusi yangu imekufa."

"Ngoja, sister, usizike bado. Weekendi moja ina mbio mbili, si ndiyo? Ya kwanza mnapangwa kwa kasi ya majaribio, mwenye kasi mbele. Ya pili, wale kumi bora wa mbio ya kwanza wanageuzwa. Aliyeshinda anaanza wa kumi. Aliyekuwa wa kumi anaanza wa kwanza."

Nekesa alimwangalia kama mtu anayeuziwa simu ya wizi. "Kwani aliyefeli ndiye anawekwa mbele?"

"Aliyefeli kwa kipimo. Ukiwa wa kumi na moja, huna chako. Ni ndio watu wasilale kwa TV. Na hapa Jeddah barabara ni nyembamba, kuta huku na huku. Ukianza mbele, mtu kukupita ni kazi."

"Kwa hivyo ninataka awe wa kumi."

"Wa kumi kabisa. Tisa si mbaya, lakini kumi ndio dhahabu."

Nekesa alikimbilia simu. Mama Zipporah, anayefanya usafi kwenye ofisi za Olaya huko Riyadh, ndiye jemadari wa kundi lao la maombi la WhatsApp.

"Mum, naomba kundi lifunge. Tuombe Nawaf awe namba kumi."

Ikaja voice note ya kishindo. "Nekesa! Kumi? Umekula nini huko Jeddah? Sisi tunaombea kichwa, hatuombei mkia! Nimeshatangaza namba moja katika jina lenye nguvu!"

"Mum, ukiomba namba moja utaniharibia harusi."

"Haki nimeomba miaka ishirini, sijawahi kuletewa hesabu kama hii." Akapumua. "Sawa. Nitaomba mapenzi yake yatimizwe. Hayo ya kumi mbishane wewe na Elphas."

Mwenye gari mwenyewe hakutaka kusikia. Usiku wa kuamkia mbio alikuwa jikoni Al-Safa anachokora wali, amenuna, kwa sababu injinia wa timu alikuwa amemwambia maneno yaleyale ya Elphas.

"Wa kumi, Nekesa? Watu watanicheka Snapchat."

"Saa hii wewe ni wa kumi na tatu. Hawakucheki?"

"Wamezoea."

"Basi wape habari mpya, habibi. Kula."

Mbio ya kwanza ikaanza. Kona ya kwanza tu, magari matatu ya mbele yakashikana mashati yakaishia ukutani. Wawili wengine wakaharibikiwa katikati. Nawaf, aliyeanza wa kumi na nne na ambaye kazi yake ilikuwa kutofanya chochote, akajikuta wa tisa. Ndani ya hema la timu Madam Hessa alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga makofi, analia. Mwanawe hajawahi kuwa wa tisa tangu azaliwe.

Nekesa alikuwa amekumbatia kisanduku cha barafu, anaomba mtoto wa watu arudi nyuma. Ni dhambi ya aina gani hii, hata hakujua itaungamwa vipi.

Redioni injinia akamkumbusha Nawaf. Nawaf akapunguza mwendo amwachie njia kijana wa nyuma, wa kumi. Lakini yule naye ana injinia, na injinia wake naye anajua hesabu. Naye akapunguza. Nawaf akasogea pembeni: pita. Yule akasogea pembeni vilevile: hapana, pita wewe. Mmewahi kuona wanaume wawili wa hapa Saudia wakikutana mlangoni? Tafadhali, tangulia. Wallahi sikutangulii mimi. Wewe uko kulia. Wewe ni mgeni. Chakula kinapoa ndani na mlango hauna aliyepita. Sasa weka hiyo adabu ndani ya magari ya mbio, mzunguko wa mwisho, na wa kumi na moja anakuja mbio kule nyuma.

"Anafanya nini huyu?" madam alipiga kelele. "Gari imeharibika?"

"Hapana, madam," Elphas alisema kwa upole. "Ni heshima."

Kona ya mwisho yule mwingine akaogopa wa kumi na moja, mguu ukamteleza kwenye pedali ya mafuta, akachomoka mbele. Nawaf akamfuata unyounyo, wa kumi. Msimu mzima walikuwa wakimfundisha kasi, na siku kipaji chake kilipohitajika, kumbe kilikuwa kwenye breki.

Mbio ya pili, Nekesa alibeba mwavuli kupita magari yote. Kumi na tatu, kumi, saba, nne. Hajawahi kufika huko mbele. Hata lami ilikuwa safi zaidi.

"Hakuna mtu mbele yangu," Nawaf alinong'ona ndani ya helmeti. "Nitajuaje wakati wa kwenda?"

"Si kuna taa?"

"Mimi huwa naangalia gari la mbele."

Nekesa alitaka kusema kitu, wakafukuzwa wote wenye miavuli.

Taa zikawaka, zikazimika, na gari la Nawaf likaondoka vizuri sana. Vizuri mno, ukiuliza wenye roho mbaya. Wawili walimpita taratibu. Alipokuwa wa tatu, nyuma yake wakiwa wamejaa kama nyuki, mtu akagonga ukuta, na gari la usalama likaingia. Gari la usalama likiwa mbele, hakuna kupitana. Wote wakajipanga nyuma yake kama bata, pole pole, mpaka bendera ya mwisho.

Wa tatu!

Huko jukwaani hawamwagiani pombe, wanamwagiana maji ya waridi. Nawaf alimwaga mpaka yakamwingia machoni. Madam alipiga picha kombe, kijana, kombe tena, akamvuta Nekesa naye akaonekana kiwiko. Zikapanda Snapchat hapo hapo. Wifi yake madam, ambaye kila siku hujigamba na mwanawe daktari, akaandika mashallah moja kavu. Kwa madam, utamu wake ulishinda kombe.

Jioni Al-Safa wageni walikuwa wamejaa sebuleni, kombe katikati ya sinia ya tende. Nekesa alikuwa anapitisha kahawa, na koroboi ya matumaini ikiwaka kifuani, Elphas alipoonekana mlango wa jikoni, kofia mkononi.

"Sister, waamuzi wamemaliza. Alitoka kabla ya taa kuzimika. Amepewa adhabu ya sekunde tano."

"Tano si kitu."

"Nyuma ya gari la usalama walikuwa wamebanana, sister. Tano ni kila kitu. Ameanguka mpaka wa kumi na moja. Nimetumwa kuchukua kombe."

Nekesa alikaa juu ya mfuko wa mchele. Madam Hessa aliingia kumfuata, akasikia yote, akafunga mlango wa sebule nyuma yake. Simu mkononi mwake ilikuwa bado inalia: hongera, hongera, hongera.

Alitazama simu. Akamtazama Nekesa.

"Nawaf alikuwa wa ngapi leo?"

Nekesa aliona suti ya Alvin, aliona yule mtu wa kiti cha nyuma. "Wa tatu, madam. Nilimwona kwa macho yangu akiwa juu ya jukwaa."

"Na mimi niliapa nini?"

"Akipanda jukwaani, naenda."

"Basi unakaa juu ya mchele unafanya nini? Usipoenda, watu si watauliza kwa nini?" Tayari alikuwa anabonyeza. Simu ya Nekesa ikatetemeka ndani ya aproni: viza. "Halas, yameisha. Na wewe," akamgeukia Elphas, "toka na mlango wa nyuma."

Kombe liliondoka ndani ya kisanduku cha barafu, limefunikwa taulo. Wageni waliambiwa limepelekwa kuandikwa jina. Asubuhi dereva alitumwa dukani kutafuta lingine, akarudi na kubwa kuliko la mshindi wa kwanza.

Mama Zipporah alituma voice note ya ushuhuda, akijitwalia ushindi wote. Alvin alituma picha ya suti, kifungo kimoja kimeachwa wazi kwa usalama.

Siku ya safari Nawaf ndiye aliyemtolea Nekesa sanduku hadi getini, akaliburuta likiwa na gurudumu moja bovu.

"Mimi najua nilikuwa wa kumi na moja," alisema chini chini.

"Mbio ya kwanza ulikuwa wa kumi, na hiyo hawakunyang'anyi. Hakuna mtu Saudia nzima anaweza kukushinda kuchelewa."

Kijana alicheka mpaka akashika geti. Kisha akaangalia GMC ya baba yake iliyoegeshwa pale, dereva akiwa bado ndani anakunywa chai.

"Ningekupeleka airport mwenyewe, Nekesa," alisema. "Lakini sina leseni."