Wepesi wa Simu ya Mkunga

Shemeji yangu, kitindamimba wa nyumba ya marehemu mume wangu, alikuja kuishi kwetu akiwa na miaka kumi na mmoja, begi moja la nguo na redio iliyofunguliwa matumbo. Ndoa yetu ilikuwa na miezi minne. Mume wangu, ambaye alikuwa mkaguzi wa shule na hakuvumilia kitu kikae ovyo, alimwambia airudishe redio ilivyokuwa au aitupe. Mtoto akakaa nayo mchana kutwa. Alipomaliza, skurubu moja ilibaki juu ya meza na redio ikaimba. Mume wangu akaniuliza tufanye nini na mtu wa namna hii. Nikamwambia tumsomeshe.

Naandika habari zake kwa sababu yamesemwa mengi na watu ambao hawajapata kula naye meza moja. Mimi nimekula naye miaka thelathini na miwili.

Mtaani wanamwita Fufua. Mwanzoni jina hilo sikulipenda, niliona lina harufu ya uganga, lakini limetokana na kazi yake halali. Kibanda chake kiko kati ya washonaji wawili: meza yenye kioo juu, taa ya kuinamisha shingo, lenzi ya kukuzia, na kisanduku cha skurubu kilichogawanywa vyumba vidogo vidogo, kila chumba na kibandiko chake. Mwandiko wa vibandiko hivyo ni mzuri. Nilimfundisha mimi.

Mafundi wa kubadilisha vioo ni wengi. Yeye huchukua simu ambayo kampuni yake imeitelekeza, haipati tena masasisho, ukiigusa inafikiri kwanza, akaifuta mfumo wake wote na kuiwekea mwingine uliojengwa juu ya Linux. Mfumo huo unaandikwa na watu waliotapakaa duniani, wengine hawajawahi hata kuonana, kisha wanaugawa bure. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwuliza bure kwa nini, wanatafuta nini.

"Shemeji," akasema, "wewe ulifundisha watoto wa majirani kila jioni hapo barazani. Ulikuwa unatafuta nini?"



Kasoro za mfumo ule hakuzificha. Kila mteja alimwambia mapema kwamba programu fulani zitagoma, na kwamba picha zitafifia kidogo, kwa kuwa programu ya kamera ni siri ya kampuni na haihami. "Macho ni yaleyale," alikuwa akisema, "miwani ndiyo imevuliwa." Wengine walikubali, wengine walirudisha simu mfukoni wakaenda zao, na hapakuwa na ugomvi.

Shida ilikuwa katika neno. Kwa mafundi, simu inayojivuta ni nzito na inayokwenda vizuri ni nyepesi. Wanasema hivyo kutwa nzima. Mimi niliyefundisha lugha kwa miaka ishirini na saba nilikuwa nimelisikia neno hilo mara mia kibandani pale, na sikuona kwamba ni shimo.

Mwaka jana kituo cha afya kilikuwa na kabati lenye simu arobaini za wahudumu wanaozunguka nyumba kwa nyumba, zote za aina moja, zote zimechoka. Uongozi ukakubali ijaribiwe simu moja kwanza, ile ya mkunga mkuu. Ikifaa, Fufua angepewa zote arobaini, na baada ya hapo angekuwa fundi wa kituo: chumba chenye mlango wa kufungwa, na jina lake ubaoni pamoja na majina ya waganga. Nitasema kweli, jina hilo ubaoni nililitaka kuliko yeye. Ni jina la marehemu mume wangu pia.

Mkunga mkuu ni mwanamke mnene, mpole, anayejulikana kwa mkono wake. Mtoto akizaliwa humpokea kiganjani, hufumba macho kidogo, kisha hutaja uzito, na mzani ukija husema kilekile. Wanaume wamewahi kubishana naye na wakaaibika. Mtu wa namna hiyo akisema kitu kina uzito gani, hakuna anayeomba ushahidi.

Siku ya kuichukua simu nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea Fufua chakula cha mchana. Alikuwa na furaha isiyofichika. Akamkabidhi mkunga simu kwa mikono miwili.

"Shika, mama. Nimetoa mizigo yote iliyokuwa imejazana humo ndani. Sasa nyepesi kabisa."

Mkunga akaipokea kiganjani kama anavyopokea watoto. Akafumba macho.

"Kweli," akasema. "Imepungua."

"Sana," akajibu Fufua, akicheka. "Utaona mwenyewe."

Nami nikacheka pamoja nao.

Mkunga alirudi siku ya tatu, na hakuja peke yake. Alikuwa na wauguzi wawili na picha kwenye kioo cha simu.

"Fundi, hebu tazama watoto hawa. Wametoka kama wamemwagiwa unga."

"Nilikueleza habari ya picha, mama."

"Ulinieleza zitafifia. Hukunieleza umetoa kamera ukaweka nyingine." Sauti yake haikupanda. "Na sauti ya mlio imekuwa nyembamba. Na simu yenyewe imepungua, mkono wangu haujanidanganya hata siku moja. Tena ulisema kwa kinywa chako kwamba umetoa vitu vya ndani. Nilidhani ni vumbi."

"Nilisema mizigo. Programu. Vitu visivyo na uzito."

"Sasa kitu kisicho na uzito kinakuwaje mzigo?" akauliza muuguzi mmoja, na kwa kweli aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Fufua akaanza kueleza. Alieleza vizuri, ila kwa urefu, na mtu anayejitetea kwa urefu mbele ya mama mpole anaonekana kama mwizi. Washonaji walisimamisha cherehani zao. Kufikia kesho yake wanawake waliopita pale walikuwa na wimbo mmoja.

"Fundi, nifanye mwepesi na mimi, hizi nyonga zimezidi."

"Wewe akikupunguza atabakisha nini?"

"Atabakisha kava."

Walicheka, naye alicheka nao. Lakini simu zilizokuwa zimeachwa kwake zikaanza kufuatwa kabla hazijatengenezwa. Katika watu watano waliokuja kuzichukua, watatu walizipima kiganjani wakasema wanaona tofauti. Simu mbili kati ya hizo alikuwa hajazifungua.

Hapo ndipo nilipoingilia. Nilimwambia jambo hili ni la kupima, likipimwa litaisha. Sonara wa barabara ya pili ana mzani unaosoma mpaka sehemu ya gramu, na kwa bahati ana simu ya aina ileile ya mkunga. Tuziweke mbele za watu, moja baada ya nyingine.

"Shemeji, yaache," Fufua akasema. "Watachoka wenyewe."

"Jina si lako peke yako."

"Najua. Ndiyo maana nasema yaache. Mzani haujui Linux."

Niliona ni woga. Nikavaa vizuri, nikaenda kumwalika mkunga mwenyewe, na nikawaalika washonaji wote wawili wawe mashahidi. Nilitembea kwenda kwa sonara kama mtu anayekwenda kupokea cheti.

Sonara alivua kava za simu zote mbili. Akaweka yake: gramu mia moja sabini na nane. Akaitoa, akasubiri namba zirudi sifuri, akaweka ya mkunga: mia moja sitini na tisa.

Akarudia. Ikawa ileile.

Gramu tisa. Nilimtazama Fufua, na yeye alikuwa anatazama mzani kwa mdomo ulioachama kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye orodha isiyomhusu. Mkunga hakushangilia. Alitikisa kichwa kwa huzuni, vile wakunga wanavyotikisa kwa mtoto asiyeongezeka uzito.

"Nilisema," akasema. Akachukua simu yake akaondoka.

Njiani kurudi tulitembea mpaka kwenye kona ya duka la ndoo. Hapo nikasimama.

"Niambie mimi. Hapa tuko wawili tu. Ulitoa kitu?"

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika.

"Na wewe, shemeji?" akasema, na akaendelea kutembea.

Siku mbili baadaye, asubuhi, alikuja nyumbani kabla sijafungua madirisha. Alikuwa amekumbuka. Simu ya mkunga ilipoletwa ilikuwa na kioo cha kinga, kile cha kubandika juu kinachokinga kioo chenyewe, na kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui. Alikibandua kwa hisani kisimkate mkunga vidole, akakitupa. Ya sonara bado inacho. Kava zilivuliwa, na hakuna aliyefikiria kioo, kwa sababu kioo safi hakionekani.

Nilimwamini papo hapo. Lakini nilikuwa nimechelewa siku mbili, na sote wawili tulilijua hilo.

Tukaenda kwa mkunga. Fufua alikuwa amebeba kioo kipya cha kinga, tukibandike mbele yake na kupima tena. Mkunga alitukaribisha, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na kile kilichopasuka kiko wapi?"

"Nilikitupa, mama. Taka zilishachukuliwa."

"Sasa mwanangu, ukiongeza kitu juu, uzito si lazima urudi? Hata mimi nikimfunga mtoto nepi mbili ataongezeka."

Fufua akatoa bisibisi yake. Akaomba ruhusa, akaifungua ile simu juu ya meza ya mkunga, akamwonyesha kamera, spika, betri, kila kimoja na namba yake ya kiwandani. Mkunga aliangalia kwa adabu.

"Hapo mimi nitajua nini?" akasema. "Nikikufungulia mgonjwa tumbo, wewe utajua kilichokosekana?"

Tukaenda kwa sonara kumwomba abandue kioo chake kwa dakika mbili tu, tupime simu zote zikiwa wazi. Alifunga mlango wa kabati lake kwanza, ndipo akajibu.

"Mwalimu, nakuheshimu. Hiki kioo kimekaa vizuri, hakina hata povu moja la hewa. Na hata kingekuwa na mapovu. Yule mama amewazalisha watoto wangu wanne. Unataka mimi ndiye nimwambie mbele ya watu kwamba mkono wake umekosea?"

Nilimwambia kwamba ukweli ni ukweli. Akasema ndiyo, ila yeye ana wateja.

Barua ya kituo ilikuja baada ya wiki moja, mistari miwili, ikisema kwamba kutokana na "hali ya kutokueleweka" mpango wa simu umesitishwa. Niliisoma mara tatu. Nilitaka kuwajibu kwamba aliyeiandika hakueleza ni nini hakikueleweka wala na nani. Niliandika hivyo, nikaipeleka barua yangu kwa mkono, karani akaigonga muhuri wa kupokelewa. Ndiyo hatua ya mwisho niliyopiga. Simu arobaini bado zimo kabatini, muuguzi mmoja aliniambia, na wahudumu wanaandika kwenye madaftari.

Fufua hakufunga kibanda. Watu bado wanamletea simu, kwa sababu hakuna mwenye mkono mzuri kama wake hapa, lakini hakuna anayeiacha. Wanasimama mbele ya meza, viwiko juu ya kioo, wakifuata kila skurubu kwa macho. Kazi ya mfumo mpya inataka saa tatu au nne na kwa hiyo imekufa yenyewe. Anabadilisha vioo kama wengine. Nilipomshauri aweke bango la kueleza tofauti ya programu na vifaa, nikajitolea kuliandika kwa lugha fasaha, alinishukuru. Bango nililiandika. Liko kwangu, hajalifuata.

Ukoo umejaribu kulisahau jambo hili kwa kutolitaja. Jumapili iliyopita walikuja kula kwangu: wifi yangu, binti yake ambaye ni mwalimu kama nilivyokuwa mimi, na Fufua. Nilikuwa nimetandika kitambaa kizuri. Simu ya binti ilikuwa juu ya meza, karibu na glasi. Fufua alipovuta kiti upande ule, binti aliichukua, bila haraka na bila kumwangalia, akaiweka mapajani. Sidhani hata alijua amefanya hivyo. Ni mtoto mwenye adabu, nimemlea nusu mimi.

Fufua aliona. Mama mtu aliona, akaanza kueleza habari ya mvua.

Nilikuwa na maneno. Miaka ishirini na saba nimesimama mbele ya madarasa na sijawahi kukosa maneno. Lakini nikisema, ningekuwa nimelitaja mezani, na lisingeweza tena kuondoka mezani. Nikinyamaza, ingekuwa nami nimeichukua ile simu.

"Ongeza chakula, shemeji," nikasema.

"Nimeshiba."

Sahani yake ilikuwa na nusu. Alisukuma kiti nyuma kidogo, akaweka mikono yake yote miwili juu ya kitambaa, vidole wazi, mahali ambapo kila mtu angeiona, na ikakaa hapo mpaka vyombo vilipoondolewa.