Maji ya Lambo kwenye Rejeta

Baba yangu ni mfugaji, na mfugaji hamwachi mnyama aondoke nyumbani na kiu. Ningelikumbuka hilo mapema, gari langu lingekuwa linatembea mpaka leo.

Lilikuwa gari dogo la kisasa. Baba aliuza sehemu ya ng'ombe wake kuongezea akiba yangu ya ualimu, akataka kitu kimoja tu: nimpeleke Shinyanga akamwone dada yake, ambaye hakuwa amemwona tangu yeye baba alipohamia Katavi na mifugo. Shangazi alikuwa hatoki tena kitandani, na mgongo wa baba haukuweza kukaa kwenye basi siku nzima. Kwa hiyo nililitunza gari lile kama yai. Fundi wangu wa mjini, mtaa wa Nsemulwa, mtu mpole, alitia kwenye rejeta maji maalumu ya rangi ya waridi, akanionya.

"Mwalimu, magari haya ya kisasa hayana mshale wa joto, kuna taa tu. Ukiiona nyekundu umeshachelewa. Usiweke maji mengine humu."

Kila Jumamosi nilikwenda kijijini Mwamkulu kwa baba, nikalala, nikarudi Jumapili. Baada ya miezi michache fundi alifungua mfuniko wa rejeta akaniita. Maji yalikuwa ya kahawia.

"Haya ni maji ya lambo, mwalimu, ya kunyweshea ng'ombe."

Mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia ameniuzia maji ya mtaroni, na nilisema mbele ya wateja wake. Aliosha rejeta, akatia maji mapya, akakataa hela yangu.

Jumapili iliyofuata niliamka mapema, nikamkuta baba ameinua boneti, kibuyu mkononi. Macho yake yalishaanza kufifia, kwa hiyo aliupapasa kwanza mdomo wa rejeta kwa kidole, ndipo akamimina taratibu, huku akilisemesha gari kwa Kisukuma kama alivyozoea kuwasemesha maksai wake.

"Linakwenda mbali hili," aliniambia. "Lisiondoke na kiu."

"Ahsante, baba," nikasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini mtu aliyetoa ng'ombe wake kwa ajili yako, unamwambiaje kwamba mkono wake unaharibu? Nikaona nitumie ujanja: kila nikirudi mjini, namwaga maji yake na kutia yale ya waridi. Nilifanya hivyo wiki nyingi. Kisha ikaja mitihani ya shule, nikaruka wiki moja, halafu nyingine, halafu nikaacha kuhesabu. Kwa fundi sikurudi. Nilimwonea aibu, na aibu yangu ikajifanya hasira.

Likizo ilipofika tuliondoka Mwamkulu alfajiri. Baba alivaa koti lake la sherehe na kushika dumu la maziwa ya mgando ya kumpelekea dada yake. Kabla hatujaondoka alilinywesha gari. Nilimwona, nikasema moyoni, siku moja haidhuru.

Tulikuwa tumeshaipita Inyonga taa nyekundu ilipowaka. Nilisimama, lakini moshi ulikuwa umeshatangulia. Fundi tuliyeitiwa alifungua rejeta, akaingiza kijiti, kikatoka na tope. Injini ilikuwa imeungua, alisema, ya kubadilisha nzima. Tulivutwa na lori mpaka Mwamkulu, baba amelala kiti cha nyuma. Maziwa aliwagawia vijana wa lori.

Shangazi alifariki kabla sijapata gari jingine la kumpeleka. Simu ilipigwa kwangu, na mimi ndiye niliyekwenda kumwambia baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Aligeukia upande gari lilipoegeshwa, juu ya matofali.

"Siku ile nilitia nusu kibuyu tu," alisema. "Nilikuwa na haraka ya kumwona. Ndiyo sababu?"

Ukweli ulikuwa mdomoni, mdomo ule ule uliomtukana fundi bila kupimwa. Nikashindwa.

"Hapana, baba. Ulitia ya kutosha."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuniamini. Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameinama juu ya lile gari bovu, kidole kikitafuta mdomo wa rejeta, na safari hii alimimina kibuyu kizima.