Kambo na Joto la Foyer ya Dilala

Mwezi wa sita uliopita nilikuwa mkutanoni Fungurume, katika ukumbi wenye mashine nne za umeme za kuleta joto. Zote zilikuwa zinawaka, mlango uko wazi kabisa, na watu wamekaa na makoti yao. Nilicheka peke yangu. Kama kambo wangu, bibi yangu, angekuwa hai, angetutoa wote nje kwanza, kisha angeanza kazi.

Pengine unafikiri Kongo hakuna baridi. Njoo Kolwezi asubuhi ya kiangazi, katika ile miezi ya baridi isiyo na mvua, uone pumzi yako ikitoka kama moshi na vidole vikikataa kushika chaki.

Kambo, mama ya mama yangu, aliletwa kutoka Kasai akiwa mtoto mdogo, baba yake alipopata kazi ya mgodi. Wakati wa utoto wangu yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa foyer, jengo la watu wote wa mtaa wetu pale Dilala, Kolwezi. Lilikuwa chumba kimoja kikubwa, bati juu, madirisha marefu. Asubuhi sisi watoto wa maternelle, shule ya chekechea, tulisomea upande mmoja, mama zetu wakashona upande wa pili. Saa sita kwaya iliingia. Kila kundi lilikuja na mbabula yake, jiko la makala, yaani makaa, na huko uani moto mwingine ulikuwa unapika uji wetu wa karanga. Mioto minne kwa nyumba moja, na bado tulitetemeka, maana joto lote lilipanda kwenye bati.

Siku moja upepo ulikuwa mkali, mwalimu wa kushona akafunga madirisha yote. Nakumbuka kichwa kikiniuma na herufi za ubaoni zikicheza. Halafu msichana aliyekaa karibu nami akaanguka kutoka kwenye benchi, bila sauti.

Kambo aliingia akikimbia, unga wa uji ukiwa bado mikononi.

«Mutoshe batoto inje! Bote! Mufungule madirisha!»

Alimbeba yule msichana mwenyewe, akamlaza kivulini penye upepo, akamwita jina lake mara nyingi. Alipofungua macho akatapika, mama yangu alilia kuliko mama yake. Walimpeleka kituo cha afya, akarudi jioni akitembea kwa miguu yake.

Kesho yake wazazi walijaa uani. Wengi walitaka foyer ifungwe mpaka mvua irudi. Kambo alisimama mbele yao, mfupi, kitambaa kimefungwa vizuri.

«Foyer haitafungwa,» alisema. «Ni moto njo haitaingia tena humu ndani.»

«Kambo, batoto batakufa na baridi!»

«Baridi inatetemesha mutu. Hewa ya makala inamulalisha, na haamuke tena. Munipatie siku tatu.»

Siku hizo tatu nilimfuata kila mahali. Alishona magunia pamoja, akayatundika katikati ya chumba kuanzia juu mpaka chini, ili tupashe joto nusu tu. Aliziba nafasi ya chini ya mlango kwa nguo kuukuu. Madirisha ya upande jua linakopita kiangazi aliyasugua mpaka yakang'aa. Moja dogo la juu akaliacha wazi kwa ajili ya hewa. Kisha akazungushia moto wa uji matofali ya kuchoma. Uji ulipoiva, matofali yalikuwa ya moto sana, akayaingiza ndani katika mabeseni ya chuma.

Kiongozi wa kwaya hakuamini.

«Kambo, kwaya haiimbe na meno yenye kutetemeka.»

«Tata, kuya tu kesho, uweke mukono hapa.»

Alikuja, akaweka mkono juu ya beseni. Alikaa. Baada ya muda akavua koti lake, akaliweka magotini.

«Kesho tunaanza saa ngapi?» aliuliza.

Gunia moja la makala, lililokuwa linaisha kwa wiki, sasa lilifika mwisho wa mwezi. Lakini kwa kuwa nusu moja tu ilikuwa na joto, ilibidi tukae humo wote. Wanakwaya walianza kuja mapema. Nilijua sauti ya pili ya nyimbo zao kabla sijajua kusoma. Akina mama walioshona nyuma yetu walirudia herufi pamoja nasi, na mmoja wao aliandika jina lake kwa mara ya kwanza, akalionyesha chumba kizima.

Kambo amekufa, na foyer imekuwa bohari ya saruji. Sasa kila nyumba ina joto lake, na mimi mwenyewe siwezi kulala bila mashine yangu. Ni raha, sikatai. Ila nimekaa mtaa huu miaka mingi, na sijui jirani yangu anaimba sauti gani.