Vilikuwa Vijiti, Haikuwa Hamira

Swali la kwanza nililoulizwa siku yangu ya kwanza kazini halikuhusu cheti changu. Mkuu wa Chumba cha Mbegu, yaani pale seli zinapoanza kukuzwa, mzee mpole mwenye miwani mizito, aliniuliza, "Binti, asubuhi umekanda maandazi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza, nami nawaeleza ninyi mnaoanza kazi hii. Kiwanda chetu, kule Boko, kilitengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui mmoja tu mwilini na kumng'ang'ania. Zote lazima zifanane, kwa hiyo tulizipata kwa seli za ukoo mmoja, uzao wa seli mama moja. Seli hizo huzaana polepole, kama mara moja kwa siku. Hamira ni kiumbe hai nayo, na huzaana upesi. Bakteria ndio usiseme. Chembe moja ikiingia, itakula chakula chote na seli zitakufa. Ndiyo maana aliyeshika hamira asubuhi haingii.

Nilianzia kwenye chupa ndogo, nikapelekwa kwenye matangi ya kati, mwisho nikawa msimamizi wa tangi kubwa la chuma kisichoshika kutu. Humo seli huelea katika mchuzi wa sukari na virutubisho, zikipulizwa hewa iliyopita kwenye chujio. Msizikimbize, wanangu. Zinapenda mtu mtulivu.

Msaidizi wangu alikuwa Mwanahawa, wa Temeke. Mama yake alikuwa anapika vitumbua vya kuuza, na Mwanahawa alipoajiriwa alihamia kwa shangazi yake Tabata ili asiguse hata bakuli la unga. Seli zetu asili yake ni mnyama wa jamii ya panya, basi alikuwa akinitania, "Dada, mie nimekimbia vitumbua vya mama kwa ajili ya panya!"

Asubuhi moja tulikuta mchuzi umechafuka. Nikachukua tone, nikaliweka chini ya hadubini. Hamira huonekana ya mviringo, kama yai linalochipuza yai jingine. Mimi niliona vijiti vyembamba, vinakimbia huku na huku. Bakteria. Nikaenda kwa Meneja Uzalishaji, yuleyule niliyekuwa nikimwomba abadilishe chujio la hewa, naye kila mara ananiambia nisubiri.

"Ni yule wako wa vitumbua," alisema kabla sijakaa.

"Bosi, hii siyo hamira. Njoo uangalie mwenyewe."

"Sista, wakubwa wanafika saa nne. Wanataka jina. Hivyo vijiti vyako nikawaambie nini?"

"Waambie chujio limechoka."

"Toka."

Mwanahawa alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Getini alinishika mkono. "Dada, niambie kweli. Ni mie?"

"Siyo wewe."

Hakuniamini. Niliona machoni mwake, na hilo sijamsamehe yule bwana mpaka leo. Mama yake alipopata habari aliacha vitumbua kabisa, akidhani ni yeye aliyemponza mwanawe.

Tangi lililofuata nalo likafa, Mwanahawa akiwa hayupo. Vijiti vilevile. Safari hii chujio likabadilishwa kimyakimya, na matatizo yakaisha. Kwenye kikao nikasimama, nikauliza Mwanahawa anarudi lini.

"Mama, hayo yameshapita," akasema Mkuu wa Ubora.

Yamepita kwa nani? Niliuliza kila kikao hadi nilipostaafu. Hakurudishwa.

Juzi, sokoni Kinondoni, kijana mmoja mwenye fulana ya kiwanda alinisimamisha. "Shikamoo mama! Sie siku ya kwanza tulisimuliwa ishu ya yule dada wa vitumbua aliyeua tangi. Ulikuwepo?" Alikuwa anacheka. Hasira zilinipanda palepale katikati ya nyanya za watu. Kumbe hawakutosheka kumfukuza, wamemgeuza somo.

Wanangu, kazi hii ni nzuri na mtaiweza. Ogeni, badilisheni nguo, ogopeni hamira. Hayo yote ni kweli. Lakini mkisimuliwa hadithi hiyo, nyoosheni mkono. Anaitwa Mwanahawa. Vilikuwa vijiti. Na aliyesema ni hamira hakuangalia.